Shajara ya mradi: Kuchambua foleni ya watoto katika kituo cha afya, Uyui, Tabora

Shajara hii tunaiandikia vituo vingine vinavyotaka kufanya kama sisi, ili visilipe upya gharama ambazo sisi tumeshazilipa. Mradi wenyewe ni huu: mtoto mgonjwa akifika getini, kuna mtu wa kumtazama kabla hajaandikiwa kadi na kabla mama yake hajakaa kwenye benchi. Hali ikiwa mbaya, anapelekwa moja kwa moja kwa tabibu. Hatukujengewa jengo wala kuongezewa mtumishi. Kinachobadilika ni namna ya kufanya kazi tu, na kumbe hilo ni gumu kuliko kujenga.

4 Novemba 2024: Kwa nini tumeanza sasa

Mvua zimeanza, na kila mtumishi wa hapa anajua maana yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliupa Mkoa wa Tabora nafasi ya kwanza Tanzania Bara kwa malaria ya watoto wa miezi 6 hadi 59: asilimia 23 walikutwa na vimelea. Kuanzia Januari benchi la wagonjwa wa nje linajaa hadi kina mama wanakaa chini ya mwembe.

Foleni yetu mpaka leo ni ya aliyewahi. Mtoto wa mafua aliyefika saa moja asubuhi anamtangulia mtoto aliyelegea, aliyeletwa kwa baiskeli saa nne kutoka vijiji vya ndani kwenye mashamba ya tumbaku. Na mama wa kutoka mbali hagombani na mtu. Anasalimia, anakaa mwisho wa benchi, anasubiri zamu yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba watoto wengi wanaofia hospitalini katika nchi kama yetu hufariki ndani ya saa 24 za kwanza. Ndiyo maana lilitoa mwongozo wa kuwachambua watoto katika makundi matatu: wa dharura, wa kutangulizwa, na wa kusubiri. Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi, ilipopanga upya mapokezi ya watoto kwa njia hiyo, vifo vya waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Malawi ni majirani zetu, na shida zao tunazifahamu.

Gharama hadi leo: karatasi na wino wa kuchapia mwongozo.

18 Novemba 2024: Kikao cha kwanza

Tulikaa baada ya ripoti ya asubuhi: matabibu, wauguzi, maabara, dada wa mapokezi, wahudumu. Mlinzi hakuitwa. Hakuna aliyeliona hilo kama pengo, lakini baadaye lilitugharimu.

Mganga mfawidhi aliuliza swali la haki: karatasi ya kubandika ukutani inaokoaje mtu? Tulimjibu kwa mfano wa nyumbani. Orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Alikubali tujaribu.

Ubishi wa kweli ulitoka kwa muuguzi wetu mkongwe, ambaye sote tunamwita Mama. Alisema, "Wanangu, mtoto mgonjwa mimi namjua nikimwona tu. Mnataka kunifundisha kuona?" Wengine walitaka kumshawishi kwa kumsomea mwongozo. Nashukuru hawakufanya hivyo, kwa sababu Mama alikuwa sahihi: anajua. Tatizo ni meza yake. Alipokaa anaona benchi la kwanza na nusu ya la pili, basi.

Kuna jambo lingine lilisemwa kwa sauti ya chini wakati watu wanatoka: "Hii nayo itapita." Ukutani kwetu bado yapo mabango ya 5S, mpango wa kuweka mahali pa kazi katika utaratibu: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mpango ule ulianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 ukasambaa nchi nzima, na umefanya mengi mazuri. Hapa kwetu neno la tano ndilo lililotushinda. Mtu aliyeona mabadiliko kadhaa yakija na gari na kuondoka na gari hana kosa akisubiri hili nalo liondoke.

Mkutano na wenyeviti wa vitongoji tumeuahirisha. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27, na hakuna mwenyekiti mwenye nafasi ya kusikiliza habari za foleni.

9 Desemba 2024: Utepe wa rangi umeshindwa

Tulianza kwa vitambaa: chekundu kwa dharura, cha njano kwa wa kutangulizwa, cha kijani kwa wa kusubiri, vyote vya kufungwa mkononi mwa mtoto. Tulinunua mita chache sokoni Tabora mjini, shilingi 12,000.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili tukaanza kuona watoto wanaocheka na kula karanga wakiwa na kitambaa chekundu. Mama aliyepewa wiki iliyopita alikitunza, akaja nacho. Mwingine alimwazima jirani. Ukikaa saa tano juani na mtoto mwenye homa, nawe ungekitunza. Ila siku ile ile mtoto mwenye kitambaa cha njano cha kweli alipitwa mara mbili.

Marekebisho: kadi ngumu za rangi zilizopigwa laminesheni, ambazo hazikai na mama. Anayechambua anaibana kadi juu ya daftari la mtoto kwa kibanio, anapeleka daftari mwenyewe mezani kwa tabibu, na kadi inarudi mapokezi mgonjwa anapotoka. Kadi 30 na vibanio: shilingi 45,000, kutoka fedha za uchangiaji, kwa idhini ya kamati ya kituo. Anayetaka kuiga, aanzie hapa. Utepe auache.

6 Januari 2025: Mchambuzi anatoweka saa nne

Hili ndilo lililokaribia kuua mradi, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

Ratiba ya zamu ilimwandika muuguzi mmoja kila asubuhi kuwa mchambuzi. Saa mbili yupo. Saa tatu yupo. Saa nne kliniki ya mama na mtoto inazidiwa, anaitwa "mara moja tu", na harudi. Kuanzia hapo foleni inakuwa ile ile ya zamani mpaka mchana. Tulikumbushana kwenye ripoti ya asubuhi. Mganga mfawidhi akaandika barua ya ndani. Ikabandikwa. Saa nne mchambuzi akatoweka.

Chuoni tulifundishwa hatua tatu za mabadiliko za mwanasaikolojia Kurt Lewin: kuyeyusha, kubadilisha, kugandisha. Hizo wengi tunazikumbuka kwa sababu zilitoka kwenye mtihani. Kuna jambo lake jingine ambalo hatulikumbuki, nalo ndilo lenye kazi: hali yoyote imesimama pale ilipo kwa sababu kuna nguvu zinazoisukuma mbele na nguvu zinazoizuia, na kuongeza msukumo bila kuondoa kizuizi huongeza mvutano tu. Sisi tulikuwa tunaongeza msukumo. Barua, vikumbusho, maneno makali kidogo.

Basi tukakaa na muuguzi mmoja asubuhi nzima, si kumkagua bali kuona mikono yake inafanya nini. Tukaona jambo ambalo sote tulikuwa tumelizoea. Kila mtoto alikuwa anaandikwa mara mbili: kwenye kitabu cha MTUHA namba 5, rejesta ya serikali ya wagonjwa wa nje, ambacho ni cha lazima, na kwenye daftari la kaunta lenye safu zile zile, jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Tuliuliza daftari lile linakwenda wapi. Mapokezi walisema ni la duka la dawa. Duka la dawa walisema ni la mapokezi. Tukawapigia wenzetu wa halmashauri, hawalidai. Lilianzishwa wakati fulani kwa ajili ya ripoti ya mradi uliokwisha, na likaendelea kuandikwa kwa sababu hakuna aliyesema liachwe. Yamejaa kabatini, yamefungwa kwa kamba, kuukuu na mapya.

Tumelifunga. Mganga mfawidhi ameandika kwa mkono wake kwenye ukurasa wa mwisho, "Limesitishwa," na kupiga muhuri. Huo muhuri una maana kubwa kuliko unavyodhaniwa: muuguzi anaogopa kuulizwa siku moja kwa nini hakuandika, na sasa ana jibu.

Tangu siku hiyo mchambuzi anabaki. Bado anaitwa kliniki, lakini sasa ana muda wa kumalizia kazi yake ndipo aende, kwa kuwa asubuhi yake imepungua mzigo. Tumejiwekea kanuni, nayo naisisitiza kwa yeyote atakayetufuata: hakuna kipya kinachoingia kituoni hapa bila kutajwa ni kipi cha zamani kinachotoka. Kama hakuna cha kutoka, basi kipya kisubiri. Watumishi wa afya wa nchi hii hawakatai mabadiliko kwa ukaidi. Wanabeba mabadiliko ya miaka kumi iliyopita bado, yote mgongoni, na hakuna aliyekuja kuwatua.

Gharama: hakuna. Tumeokoa bei ya madaftari.

3 Februari 2025: Saa mbili mbili

Ili kujua kama tunasonga, tulianza kuandika muda wa mtoto kufika na muda wa kuonwa. Mlinzi anaandika wa kufika, tabibu anaandika wa kuonwa. Hesabu ya kwanza ilionyesha baadhi ya watoto wamesubiri zaidi ya saa sita, wakati tulikuwepo na tunajua hawakusubiri.

Mlinzi aliandika 2 kwa maana ya saa mbili asubuhi. Tabibu aliandika 08:20. Dada wa zamu ya mchana aliandika mara hivi mara vile. Tulijaribu kuelekeza kwa maneno, ikashindikana. Kilichofaa ni saa moja ya ukutani yenye namba kubwa (shilingi 18,000), na kichwa cha safu kinachosema: "Mshale mfupi uko namba ngapi? Mrefu je?" Kila mtu anaandika anachokiona. Takwimu za Januari tumezitupa zote, hazifai.

Pigo lingine halikutoka ndani. Baada ya Serikali ya Marekani kusitisha misaada mwishoni mwa Januari, wenzetu waliokuwa wakilipwa na mradi katika kliniki ya tiba na matunzo ya VVU waliambiwa wasije kazini. Wale wagonjwa hawawezi kuachwa, kwa hiyo dada wa mapokezi amehamishiwa kule. Mapokezi sasa yanashikwa kwa zamu na wahudumu. Uchambuzi umeyumba, na sitaki aliye mbali asome hapa akadhani mabadiliko hupimwa kwa nia njema ya kituo peke yake.

10 Machi 2025: Trei ya dharura ilikuwa na kufuli

Mtoto akishachambuliwa kuwa wa dharura, kuna nini mezani? Tulikuwa na trei kamili: mfuko wa kupumulishia na barakoa za watoto, diazepam, sukari ya dripu, kanula, mrija wa tumboni, atesunati ya sindano. Vyote kabatini. Kabati na kufuli. Ufunguo kwa msimamizi wa zamu, naye asubuhi moja tulipopokea mtoto wa dharura alikuwa wodi ya wazazi ameshika mtoto anayezaliwa.

Mtoto wa siku ile alipona, kwa sababu mhudumu alikimbia. Lakini tuliona wazi kwamba kuharakisha foleni halafu kusubiri ufunguo ni kuhamisha tu mahali pa kusubiria.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuondoa kufuli. Wauguzi wote walikataa, na walikuwa na hoja: dawa ikipungua, anayeulizwa ni wao, na wapo waliowahi kukatwa mshahara. Kumwambia mtu "jiamini" wakati mshahara wake ndio dhamana si kuongoza mabadiliko. Pendekezo la Mama ndilo lililoshinda: trei ikae mezani wazi, imefunikwa na kufungwa kwa plasta pana, na juu ya plasta iandikwe tarehe na sahihi za wawili, anayetoka zamu na anayeingia. Plasta nzima, hakuna wa kuulizwa. Plasta imekatwa, kuna mgonjwa, na karatasi iliyo chini inaonyesha kilichotumika. Kukabidhiana zamu sasa kunaanzia kwenye trei.

Tulinunua pia kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, shilingi 55,000. Ni cha watu wazima. Kwa mtoto mdogo kinateleza, na vidole vikiwa baridi kinatoa namba zisizoaminika. Kwa wakubwa kidogo tunakibana dole gumba la mguu. Kwa wachanga tumerudi kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kifua kikiwa wazi: 60 na zaidi kwa chini ya miezi miwili, 50 hadi kutimiza mwaka, 40 kwa mwaka mmoja hadi mitano. Kama fedha ni kidogo, nunueni cha watoto au msinunue.

28 Aprili 2025: Mlinzi, na swali la degedege

Aliyekosekana kikaoni Novemba sasa ndiye nguzo. Mzee wetu wa getini ndiye wa kwanza kumwona kila mtoto, hata yule anayefika mchambuzi akiwa ameinama na mwingine. Hatukumpa kazi ya uganga. Tulimpa mambo matatu ya kutazama: anapumua kwa taabu, anakakamaa, amelegea hajitambui. Akiona moja, haulizi jina, anamwongoza mama mpaka chumba cha dharura na kugonga kengele ya chuma. Awali tulimpa filimbi. Kina mama wakadhani kuna fujo, wakakimbia nje na watoto.

Alituuliza, "Nikikosea je, nikileta ambaye si wa dharura?" Mganga mfawidhi akamjibu mbele yetu sote: "Mzee, leta. Wa kurudisha kwenye benchi nitamrudisha mimi." Jibu hilo limefanya kazi kuliko mafunzo yote. Kwa upande wake, kazi ya kufyeka mbele ya geti saa za asubuhi ameondolewa, inafanywa alasiri. Kanuni ni ile ile.

Degedege lilitusumbua zaidi. Tuligundua kina mama wengi wakiulizwa "mtoto ana degedege?" wanasema hapana, na saa moja baadaye mtoto anakakamaa mezani. Wapo wazee wanaoamini mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, hivyo mama anaficha ili kumlinda mwanawe. Si ujinga, ni upendo ulioelekezwa vibaya. Mama, yule muuguzi wetu, sasa ndiye anayepita kwenye mabenchi badala ya kukaa mezani, naye haulizi hivyo. Anachuchumaa, anamwomba mama afungue kitenge, anagusa kiganja cha mtoto kutazama kama kimepauka na nyayo kama zimevimba, na wakati huo huo anauliza kama usiku mtoto alistuka au kukaza macho. Mama wa mtoto hujibu. Mtoto aliyekakamaa tangu jana tumeamua apewe kadi ya njano hata kama sasa ametulia.

Sasa takwimu zinaaminika kiasi cha kuzisoma. Watoto wa kadi nyekundu wanafikishwa chumba cha dharura bila kupita mapokezi, na usajili unawafuata kitandani: tumetenga namba za dharura mwanzoni mwa kitabu ili mapokezi wasikose mtiririko wao. Kadi za njano bado zinachelewa siku za mnada.

16 Juni 2025: Uhamisho, na usiku

Muuguzi aliyekuwa akiwaelekeza wageni amehamishiwa wilaya nyingine. Tulijua siku moja itatokea, ila si mwezi huu. Kwa hiyo maelekezo hayako tena kichwani mwa mtu mmoja. Mtumishi mpya au mwanafunzi wa mazoezi anapokewa na mlinzi getini kwa nusu saa, kisha anapita na Mama kwenye mabenchi, kisha anasaini trei. Wa kwanza kupitia njia hiyo alikuwa tabibu kijana. Alisitasita kidogo kuelekezwa na mlinzi. Kufikia mchana alikuwa anamwamkia na kumuuliza maswali.

Jumla ya matumizi kwa yote, pamoja na kengele na plasta, haijafika shilingi 200,000. Kilichogharimu zaidi ni muda wa vikao, nao hauna risiti.

Usiku bado haujatengemaa. Muuguzi ni mmoja, anashika wodi ya wazazi na wagonjwa wa nje kwa pamoja, na akiwa na mama anayejifungua hakuna wa kuchambua. Tunajaribu hivi: mlinzi wa usiku amefundishwa mambo yale matatu, na kengele imepata ya pili karibu na dirisha la wodi ya wazazi. Cha kuondoa usiku hatujakipata. Tunatazama ile kazi ya kuhesabu mashuka na kuyaandika saa kumi na moja alfajiri, kama inaweza kuhamia mchana. Mganga mfawidhi ameomba wiki mbili za kuzungumza na wahudumu wa kufua kabla hajaamua.